Sufuria la Msiba

Bi Zuwena alisimama mlangoni kwa Nyanzobe, macho mekundu. Mama yake alikuwa amefariki alfajiri, na sufuria kubwa la mtaa, alilolitunza yeye, lilikuwa limetoboka.

"Nimekuja kuazima sufuria lako, mwenzangu. Watu wamejaa msibani."

"Umekuja?" Nyanzobe akacheka kidogo. "Mume wangu alipofariki nilikuomba lile la mtaa. Ulinijibuje?"

Bi Zuwena akainamisha kichwa. "Nilisema si la watu wa kuja."

"Sema tena, majirani wasikie."

Akasema tena, kwa sauti.

"Basi leo mtu wa kuja ni wewe, shoga."

Nyanzobe akaliburuta sufuria lake hadi kizingitini. Bi Zuwena akashika sikio moja. Nyanzobe alikuwa bado ameshika la pili, wala hakuliachia; wakaliinua pamoja.