Hodi Mpya ya Kakakuona

Familia ya panya Buku iliishi kwenye shimo lenye mlango wa jiwe, na mlinzi wao alikuwa Kakakuona, mpenda utaratibu. Aliyerudi kutoka malishoni aligonga jiwe kwa mkia, naye Kakakuona akalisogeza.

Siku moja Mama Buku alirudi mbio, mashavu yamejaa karanga za wanawe. Nyuma yake nyasi zilikuwa zinatikisika. Akagonga. Jiwe halikusogea. Akatema karanga, akagonga tena.

“Nani huyo anayegonga kizamani?” Kakakuona aliuliza kutoka ndani. “Tangu asubuhi hodi yetu ni kukwaruza. Haina kelele.”

“Mbona sikuambiwa?”

“Waliokuwa ndani niliwaambia wote.”

“Mimi nilikuwa nje, bwana. Kicheche ananifuata. Si unaijua sauti yangu?”

“Sauti huigwa. Kwaruza.”

Mama Buku aliinua ukucha, lakini Kicheche alikuwa ameshatokeza. Mama Buku akajitupa kwenye kichaka cha miiba. Kicheche hakumfuata. Alikuwa amenusa watoto chini ya jiwe, akaanza kulichimbua kwa kucha, kwaru, kwaru.

“Umesikia?” Kakakuona alisema kwa furaha. “Huyu ndiye anayejua kubisha.”

“Usifungue, nakuomba!”

“Ngoja zamu yako, mama.”

Jiwe likasogea. Kakakuona alipoyaona meno, alijikunja ndani ya magamba yake, akawa salama. Mama Buku, ambaye hana gamba hata moja, akachomoka miibani kuwakimbilia wanawe.