Ukurasa wa Mia Mbili na Tatu

"Sisaini."

"Utasaini, Luben! Nimefuata kitabu neno kwa neno!"

"Basi kakiombe kitabu kikusainie."

Tsvetana alibwaga spana mezani, ikaruka, ikaangukia sakafuni. Mara ya tatu asubuhi hiyo pampu ya maji ya moto ilikuwa imemwaibisha. Ikiwa baridi, imetulia kama ng'ombe aliyeshiba. Ikipata moto, inatetemeka hadi vikombe vya kahawa vinagongana rafuni.

Mwaka huu chuo kilikuwa kimechoka na watu wanaojua kwa mdomo tu. Kila ujuzi uliandikwa kwenye kijitabu, nao ulionyeshwa kwa mikono mbele ya Luben, fundi wa karakana. Bila sahihi kumi na mbili, hukanyagi darasa la mitambo muhula ujao, hata uwe nani. Tsvetana alikuwa na kumi na moja. Mwisho ulikuwa leo saa sita mchana, na saa tano ilikuwa imeshapita.

Alikuwa mkubwa kuliko wote waliobeba kijitabu kile. Kila aliyechungulia mlangoni alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi.

"Soma hapa!" Alikifungua kitabu kikuukuu cha pampu, kilichobanduka jalada. "Ukurasa wa mia mbili na tatu. Shafti ya mota na shafti ya pampu ziwe usawa mmoja, zisipishane hata unywele. Nimepima. Hazipishani!"

Luben aliitafuna banitsa yake, andazi la jibini, bila haraka, makombo yakimdondokea tumboni.

"Umepima ikiwa baridi, mama."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kitabu chako kinadanganya."

"Toleo la saba hilo! Wahandisi wa nchi nzima wamelisoma!"

"Ndiyo maana nchi nzima pampu zinatetemeka."

"Na wewe umesomea wapi hata ukisahihishe kitabu?"

Luben alinyoosha kidole chenye grisi kuelekea karatasi ya manjano iliyobandikwa kando ya friji. Hata bila miwani Tsvetana aliiona mbili kubwa nyekundu, alama ya aliyefeli.

"Hapahapa. Niliandika ninavyozijua pampu hizi, nikapewa hiyo. Nikarudia mtihani, nikapewa nyingine. Nikaona isiwe taabu, nikavaa ovaroli."

"Na bado unajivunia?"

"Sijivunii. Inanikumbusha nisisaini uongo."

Tsvetana alijitupa kwenye kiti cha plastiki. Alitaka kulia, akaona haya. Ukurasa ule aliujua kwa ghibu, pamoja na koma zake. Hakuwahi hata siku moja kuutilia shaka.

Aliinuka, akagusa mwili wa pampu. Akaondoa kiganja upesi, uliunguza. Akaugusa mwili wa mota. Vuguvugu tu.

Akairudia pampu, polepole, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Inavimba," alisema. "Ikipata moto inavimba, inaiinua shafti yake. Mota inabaki chini."

"Endelea."

"Kwa hiyo ikiwa baridi, mota iwe juu kidogo. Pampu itaifuata yenyewe."

"Maneno hayo. Mikono je?"

Walizungusha maji baridi hadi pampu ikapoa. Tsvetana alilegeza bolti za mota, akasukuma kipande cha bati, chembamba kama karatasi, chini ya kila mguu, akakaza. Kisha akafungua maji ya moto, akasimama na kungoja, ngumi zimekunjwa.

Pampu ilipata moto. Ikanguruma kwa upole. Rafuni hakuna kikombe kilichogonga kikombe.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Luben alijipangusa vidole, akasaini.

"Haya, kimbia, mama. Wanakusubiri huko juu."

Hakukimbia. Alivaa miwani, akachomoa kalamu nyekundu mfukoni, akaupiga mstari ukurasa mzima wa mia mbili na tatu, kutoka pembe hadi pembe. Halafu akaiendea friji, akaibandua karatasi ya manjano. Akaifuta ile mbili kwa mstari mmoja, na kando yake akaandika sita, alama ya juu kabisa.

Chini akatia sahihi yake, sawasawa na ile aliyoitia siku alipousahihisha mtihani huo, iliyokuwa imefifia palepale kwa miaka kumi na tisa.