Mshika Kamba

Kwa wachimba kisima wale, anayeshika kamba ndiye anayeitwa bosi mpaka aliye shimoni atoke. Siku hiyo alikuwa Mwasiti.

Udongo ulianza kumeguka.

"Chande, panda juu!" aliita Mwasiti.

"Hakuna kupanda!" alifoka Mzee Nyangasa, mwenye kiwanja. "Maji yako karibu. Hapa bosi ni mimi!"

Mwasiti alikaza miguu, akaanza kuvuta. Chini pakasikika kishindo. Kamba ikawa nzito ghafla, ikamburuta hadi ukingoni mwa shimo.

Mzee Nyangasa alitupa bakora yake, akaidaka kamba nyuma ya Mwasiti.

"Nivute, bosi?"

"Subiri," alinong'ona Mwasiti, akisikilizia viganjani kama kuna mtu anayeitikisa kutoka chini.