Mtoto Asiyeitika

Pale Chang'ombe, balozi wa nyumba kumi aligonga rimu ya lori iliyoning'inia kibarazani kwake, kutangaza kwamba sukari imefika dukani. Watoto waliokuwa wakicheza chini yake wakaruka, mikono masikioni.

Binti wa Eufrazia peke yake hakuruka. Aliendelea kupanga vizibo vya soda mchangani, kichwa chake kikikaribia kugusa ile rimu.

"Jamani, huyu mwanao jeuri!" jirani akacheka. "Hata balozi hamshtui!"

Eufrazia hakucheka. Alitazama vigimbi vya mwanawe, vyenye michirizi ya ufito ambayo ilikuwa bado imevimba. Asubuhi ile alimwita mara tatu, mtoto hakuitika. "Leo utanijua mie nani!" alimwambia huku akimchapa. Jana vilevile. Na juzi.

Rimu ikalia tena. Mtoto akaweka kizibo kingine.

"Foleni hiyo inajaa, mama, twende!" jirani akamvuta kanga.

Eufrazia akaweka kikapu chini, akamwendea mwanawe taratibu, bila kumwita. Kivuli chake kilipofika kwenye vizibo, mtoto akageuka, akamwona mama yake, akajikinga uso kwa mikono yote miwili.