Uwanja Uliokosa Kinyozi

Wembe ulikuwa shingoni mwa mteja kinyozi alipoapa, na mteja, kwa busara zake, hakupumua.

"Tukishafyeka, mvua ijayo ikiotesha hata ua moja pale," alisema, akinyoosha kidevu kuelekea uwanja wa ng'ambo ya barabara, "nyoeni hizi sharubu. Hadharani. Kiti nitatoa mwenyewe."

Sharubu zile ndizo zilikuwa bango la biashara. Mgeni akiulizia pa kunyolewa, aliambiwa tu aende kwa yule mwenye sharubu. Zilipakwa mafuta kila asubuhi, na ncha zake zikasokotwa mpaka zikatazama juu kama zinaomba dua.

Uwanja nao ulikuwa umemkaa kooni. Zamani nyasi zake zilikuwa fupi, kama kichwa cha askari. Ndipo manispaa ikamleta afisa wa bustani, binti wa miwani mikubwa, akamwaga mbegu za maua ya porini na kuchomeka kibao: HAPA TUNALEA MAUA. TAFADHALI USIFYEKE. Sasa mimea ilifika kiunoni, ya njano, ya zambarau, nyeupe, na nyuki wamejaa kama walioalikwa harusini.

"Maua gani yale?" alisema mama mshonaji wa duka la pili, ambaye kazi zake nyingi alizifanyia mlangoni kwa kinyozi. "Mume wangu akiacha ua wetu vile, analala nje."

"Na nyoka wamo," alisema mteja, wembe ulipoondoka.

"Umewaona?"

"Nitawaonaje, na wamejificha? Si ndiyo kazi ya nyoka?"

Siku hiyo hiyo afisa akaja dukani kujitetea. Kinyozi alikuwa anamnyoa mtoto mchanga mapajani kwa mamake, mtoto mwenye vinywele vya kubembeleza. Hakumkaribisha binti kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunyoa au kunyolewa?"

"Nimekuja kuomba. Msiyaguse. Au basi, subirini angalau yakauke."

"Yakauke yatuchomee nyumba!" Watu wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia arudi chuoni akadai ada yake.

Macho ya binti yakamwangukia mtoto. "Na huyu mbona ananyolewa, wakati hana nywele?"

"Ndiyo maana ananyolewa. Hizi dhaifu ukizikwangua, zinarudi nyingi, nzito. Hilo hamkufundishwa huko mlikosoma."

"Hatukufundishwa," binti alikubali kwa unyonge, akaenda zake akisindikizwa na miguno.

Maua yalipokauka, uwanja ukawa wa kutisha kweli. Mabua ya kahawia, vichwa vilivyosinyaa vikichakacha kwa upepo. Hata wale wachache waliokuwa wakipigia picha pale walihamia upande wa kinyozi. Mawingu yakaanza kujikusanya, na kila aliyepita dukani aliuliza hali ya sharubu kwanza, ya mwenyewe baadaye.

"Nikikata kitu mimi," kinyozi aliwajibu, "kimekatika."

Jumamosi asubuhi mtaa ukavuka barabara. Mafyekeo, mapanga, na mama mshonaji na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa. Walimkuta binti amesimama mbele ya kibao, mikono ameitanua kama golikipa.

"Jamani, nawasihi! Kama ni kufyeka, fyekeni, lakini msiyakung'ute, yatachafua uwanja mzima! Na mkiacha marundo hapa, nawashtaki wote!"

Kinyozi hakuwa amesikia neno tamu kama lile mwaka mzima. "Mmemsikia? Kung'uteni!"

Wakakung'uta. Waliyapiga mabua chini kama wanaotoa vumbi kwenye zulia, wakayaburura huku na huku, wakakanyaga walipoweza na wasipotakiwa. Punje nyeusi ziliwajaa nguoni na masikioni. Kisha, ili binti asipate pa kushtakia, wakapakia kila bua mkokoteni na kulipeleka jalalani. Kufikia mchana uwanja ulikuwa kipara safi. Mama mshonaji aling'oa kibao, akamkabidhi binti.

"Shika, mwanangu. Ukapikie."

Binti alijifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Mtaa ukapiga vigelegele. Kinyozi alibebwa juu juu mpaka mlangoni kwake, na pale ndipo alipokumbuka kwamba fyekeo lake amelisahau.

Akarudi peke yake, anapiga mluzi. Wingu lilikuwa limeshuka, na tone la kwanza likamdondokea puani. Binti alikuwa kwenye benchi la uwanja, amempa mgongo, simu sikioni. Mabega yalikuwa bado yanatikisika. Kinyozi akamwonea huruma kidogo. Ushindi ukishakuwa wako, huruma haigharimu kitu. Akasogea ampe pole.

Binti alikuwa anacheka.

"Hapana, bosi, mashine za kufyeka zibaki huko huko, na wale vibarua waambie wapumzike. Mtaa umemaliza kila kitu. Wamekata, wamekung'uta mbegu zote, wamezikanyaga zikaingia ardhini, na mabua wamebeba wenyewe." Akanyanyua miwani, akafuta machozi. "Ee, mvua hii hii inaziotesha. Safari hii yatakuja mengi, mazito. Si mimi, kinyozi wao ndiye aliyenifundisha."

Tone la pili likatua kwenye sharubu.