Mtazamaji Namba Kumi na Nne

"Walter lazima afe kabla ya Pasaka," alisema Bi Doreen Tansley, akifuta macho kwa ncha ya aproni. "Maskini. Miaka tisa nimemlea."

Gwenda Pargeter alihakikisha kinasa sauti kinazunguka, kisha akaandika daftarini: "Mtazamaji namba kumi na nne. Hatofautishi mchezo na maisha."

Alikuwa amechoka. Tangu Oktoba alikuwa akipanda mabasi ya Birmingham kwenye mvua, akiingia nyumba za wanawake wa mitaa ya viwanda kuwatazama wakitazama televisheni. Profesa wake chuoni alifundisha kwamba watunzi hufunga ujumbe ndani ya kila mchezo, na mtazamaji ana njia tatu za kuupokea: aumeze mzimamzima, abishane nao kama mtu anayepatana bei sokoni, au auteme. Gwenda alitafuta mtu wa kutema. Asipompata, hana ripoti, na bila ripoti nafasi yake chuoni ingekwisha Juni. Wanawake kumi na watatu walikuwa wamemeza. Huyu wa kumi na nne alikuwa amemeza hadi sahani.

Mchezo wenyewe uliitwa "Nyumba za Mfereji", kila Jumatatu na Alhamisi, saa moja na nusu jioni. Bi Tansley, mjane wa fundi wa kiwanda cha magari, aliutazama bila kupepesa, midomo ikichezacheza sambamba na ya waigizaji. Jioni hiyo Vera, mke wa Walter, alipomwambia mumewe, "Nenda, lakini moyo wangu unao," Bi Tansley aliruka kitini.

"Hakusema hivyo! Vera hawezi kusema upuuzi kama huo!"

"Lakini amesema, Bi Tansley. Tumemsikia sote wawili."

"Wamemsemesha! Vera namjua mimi. Angemwambia achukue koti, basi."

Gwenda aliandika: "Anadai kuwajua wahusika kuliko wanavyojijua."

Kama kawaida yake, mama huyo alizima televisheni kabla majina ya watengenezaji wa mchezo hayajapita. Akamimina chai nzito, akakata mkate wa zabibu, akausahau kwenye sahani. Mabega yalikuwa yameshuka.

"Nimewachoka, mwanangu. Nikiosha vyombo, wanagombana. Nikienda kanisani, wananifuata. Usiku wa manane Vera ananiamsha aniambie la moyoni. Akishakufa Walter, na wale wengine watatawanyika mmoja mmoja, nami nipumzike."

Mtafiti hakuruhusiwa kumshauri mtazamaji. Lakini Gwenda alikuwa amechoka hata na kanuni. Alizima kinasa sauti, akamshika mkono.

"Nisikilize, mama. Walter ni mwigizaji. Saa hizi yuko kwake anakula viazi na mkewe. Huko studio kuna wakubwa wanaokaa mezani kuamua nani afe na nani abaki. Mimi na wewe hatuna sauti."

"Wakubwa wenyewe ndio wagumu," alijibu Bi Tansley. "Nimewaandikia barua mbili. Wanasema Walter asiguswe, watu wanampenda."

"Umewaandikia barua?"

"Tena za adabu. Ya tatu haitakuwa na adabu."

Gwenda alimfikiria mama huyu peke yake, jioni baada ya jioni, akiwasihi watu wasiomjua juu ya watu wasiokuwapo. Aliona aibu kwa yale aliyoyaandika. Akajiambia hatalitumia jina la Bi Tansley popote; wasomi wasije wakamcheka.

"Una ndugu karibu?" aliuliza polepole. "Mtu wa kuja kuzungumza nawe?"

"Ninao wa kutosha wa kuzungumza nami. Nakuambia, hawanyamazi!"

Mvua ikaanza tena kugonga dirisha. Bi Tansley akakurupuka. "Mashuka yangu!" Akatoka mbio uani, na papo hapo simu ikalia ukumbini.

"Pokea, mwanangu! Waambie naanua nguo!"

Gwenda aliinua simu. Kabla hajasema neno, sauti ya mwanamume mwenye haraka ilimwahi.

"Doreen? Haya, umeshinda, wakubwa wamekubali afe. Ila wanataka umwandikie mazishi ya kuliza nchi nzima, na kurasa zitufikie studio kabla ya Ijumaa."