Hirizi ya Mpera

Kindi alikuwa juu ya mpera akila pera la tatu, mkia wake ukiigusagusa hirizi nyekundu ambayo Makame aliifunga kwenye tawi juzi. Mganga alimwapia kwamba atakayekula tunda la mti ule atavimba tumbo mpaka apasuke.

Zawena alimtazama mumewe, aliyekaa kibarazani siku ya pili sasa, anangoja kindi avimbe.

"Baba Raya, kachume basi na sisi tule."

Makame akakohoa. "Sikumuuliza mganga kama wenye mti wanasamehewa."

Zawena akaona hata kumcheka ni kumpa heshima. Mti walioupanda wenyewe, na mwenye ruhusa ya kula matunda yake ni kindi peke yake. Akaenda mpaka chini ya mpera, akachuma pera lililoiva, akalifuta kwa upindo wa kanga.

"Mama Raya, usile."

Akaling'ata. Akatafuna taratibu huku amemkazia macho, na juu yake kindi naye akitafuna. Kisha akaja akamwekea mumewe nusu iliyobaki mapajani.

Makame hakuigusa. Alikuwa keshamsahau kindi. Alikuwa akilitazama tumbo la mkewe.